Hivi wasanii waliovuma wakiwa watoto huwa wanapotelea wapi?

#1 Mzawa wa Temeke
Salaam wadau. Hoja yangu ni kwamba katika muziki wetu na filamu zetu, mtoto akivuma kabla hajatimiza miaka 16, ni nadra sana kumkuta bado yuko juu akifika miaka 30, na ninadai kuwa chanzo ni kimoja tu: watu wazima wanaomsimamia humvuna mapema, kisha humwacha njiani. Wale watoto wawili waliocheza na marehemu Steven Kanumba kuanzia mwaka 2010, ambao kila nyumba yenye deki iliwajua kwa majina ya Jennifer na Patrick, walikuwa na umaarufu ambao waigizaji wazima waliutamani, lakini waulizeni watoto wa leo kama wanawajua. Vijana wa Yamoto Band walipanda jukwaa moja wakiwa wanne, na leo mtu wa mtaani atakutajia wawili. Dogo Janja alitolewa Ngarenaro, Arusha, akaletwa Dar es Salaam na Madee wa kundi la Tip Top Connection akiwa bado mwanafunzi, wakatofautiana hadharani, akarudi kwao, na ilimbidi aanze upya. Ningependa kuwasikia hasa wale waliowahi kuwa karibu na kazi hii. Nawasilisha.

#2 Shahidi wa Pili
Mkuu Mzawa, hoja ni nzuri, lakini mifano yako imechanganya mambo. Yamoto Band haikuwa bendi ya watoto. Aliyevuma akiwa mdogo ni Aslay peke yake, ambaye alizaliwa mwaka 1995 na wimbo wake wa kwanza ulipigwa kila kona mwaka 2011, wakati huo akiitwa Dogo Aslay. Yamoto ilikuja baadaye, kutoka kituo cha Mkubwa na Wanawe cha Said Fella huko huko kwenu Temeke, na ilipofika mwaka 2014 waliokuwa wakiimba ni vijana waliokwisha kuota ndevu. Vilevile si sahihi kusema walipotea. Maromboso ndiye huyu Mbosso aliyeingia lebo ya Wasafi mwaka 2018, Aslay alitoa nyimbo mfululizo mwaka 2017 hadi watu wakashindwa kuzifuatilia, na Beka Flavour na Enock Bella waliendelea kutoa kazi zao. Bendi ikivunjika, kuna wanaopanda na kuna wanaobaki chini, hata kama wote ni wazee wa miaka 50.

#3 Kinanda Kibovu
Nimerekodi wasanii kwa muda mrefu katika studio ndogo za uswahilini, na ninachokijua ni sauti, kwa hiyo nitabaki hapo. Mtoto wa kiume wa miaka 12 huimba juu bila kujikaza, na ni huo wepesi wa kupanda ndio unaowafanya watu wasimame na kuuliza huyu ni nani. Kisha koo linakua, nyuzi za sauti zinarefuka na kunenepa, na katika kipindi kifupi sauti inashuka karibu oktavu nzima. Tulikuwa na kijana mmoja ambaye tulimsimamisha juu ya kreti la soda ili afikie kipaza sauti, kwa sababu stendi yetu ilikuwa imeharibika skrubu na haikushuka. Aliporudi kurekodi wimbo wa pili, kreti halikuhitajika tena, lakini kila alipofika kwenye kiitikio sauti ilikatika katikati ya neno, mara nyembamba, mara nzito, naye akawa anacheka kwa aibu. Nilimwomba meneja wake tushushe ufunguo wa wimbo, akakataa katakata kwa madai kwamba mashabiki wanaitaka sauti ile ile ya mwanzo, kijana akabana koo na kulazimisha mpaka jioni alipokuwa hawezi hata kuagiza chai. Mwalimu yeyote wa kwaya angemhamishia sauti ya tatu au ya nne na kumpumzisha kwanza. Wengi wanaosemekana kupotea, kwa maoni yangu, walipotezwa na miezi ile michache ambayo hakuna aliyekuwa tayari kuisubiri ipite.

#4 Mama Wawili
Asante Kinanda, umeeleza vizuri, lakini maelezo yako yana jinsia moja. Sauti ya binti nayo hubadilika, ila haiporomoki namna hiyo, na bado mabinti waliovuma wakiwa wadogo hawaonekani. Na yule Jennifer wa Kanumba hakuwa akiimba hata kidogo. Au filamu nazo zina oktavu?

#5 Kinanda Kibovu
Dada, filamu sizijui, na ndiyo maana nilisema nitabaki kwenye sauti. Waje wa deki.

#6 Deki ya Mkopo
Wa deki nimekuja. Niliuza filamu za Kitanzania kwa jumla na rejareja, na ninaona mnawatafuta watoto wakati kilichopotea ni soko lenyewe. Filamu ya Kanumba ilitoka kwa msambazaji ikiwa kwenye diski yenye kasha la rangi, ikaingia madukani na kwenye mabanda ya video, na fedha ilizunguka kwa kuuza diski hizo. Kanumba alifariki tarehe 7 Aprili 2012, na katika miaka iliyofuata diski za wizi zilijaa, bei ikashuka hadi ikawa haina maana, kisha simu za intaneti zikamalizia kilichobaki. Watoto wale walikuwa wamejengwa ndani ya filamu za mtu mmoja, kwa mtindo wa mtu mmoja, na mtu huyo hakuwepo tena. Hata waigizaji wazima wa kundi lile wengi walikosa kazi. Na kama mnataka mfano wa aliyeanza akiwa mtoto akadumu, yupo Elizabeth Michael, ambaye tulimwona kwenye maigizo ya kundi la Kaole akiwa kibinti kidogo, na mwaka 2016 filamu yake ilipata tuzo ya filamu za Afrika iitwayo AMVCA kule Lagos kama filamu bora ya Afrika Mashariki. Kwa hiyo, Mzawa, hesabu yako inaacha waliofika.

#7 Wakili Asiye na Ofisi
Naomba tusiache upande wa sheria, kwa sababu hoja ya kwanza ya Mzawa ilihusu wasimamizi. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Mikataba inamtambua mwenye miaka 18 kuwa ndiye anayeweza kujifunga kwa mkataba, kwa hiyo saini ya mtoto wa miaka 13 haina nguvu yoyote, na kwa kawaida anayesaini ni mzazi au mlezi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaruhusu kazi nyepesi kuanzia miaka 14, inakataza kumfanyisha mtoto kazi kati ya saa mbili usiku na saa kumi na mbili asubuhi, na inazitaja baa, hoteli na sehemu za burudani kuwa miongoni mwa mazingira ya hatari. Sasa niambieni ni shoo gani ya Bongo Fleva inayoanza kabla ya saa mbili usiku. Ukiisoma sheria hiyo kwa makini, utaona imeandikwa kwa kumfikiria mtoto wa machimboni, wa mashambani na wa kazi za ndani, na inajali zaidi kumzuia asifanye kazi kuliko kumlinda yule aliyekwisha kuifanya na kuingiza fedha. Matokeo yake ni kwamba kila mtu anajifanya hayaoni: mapromota, mzazi, mwenye ukumbi na sisi tunaolipa kiingilio.

#8 Mzawa wa Temeke
Wakili, hapo ndipo hasa nilipokuwa nataka tufike. Kama mtoto hawezi kusaini, basi mzazi anasaini kitu asichokielewa, meneja anashika karatasi zote, na siku kijana anapofikisha miaka 18 anakuta nyimbo, akaunti na hata jina la jukwaani ni mali ya mtu mwingine. Kinanda anasema ni koo na Deki anasema ni soko, lakini koo lenyewe liliharibiwa na nani? Na meneja.

#9 Bi Mwanakheri
Assalaam alaykum. Mimi niko Tanga, na huku kwetu habari ya mameneja ni ya juzi tu, lakini watoto wanaoimba walikuwepo tangu zamani. Marehemu Shakila Said, mwenyeji wa Pangani, alianza kuimba akiwa msichana mdogo, akapitia vikundi vya hapa Tanga vya Black Star na Lucky Star, kisha akaendelea na taarabu ya jeshi, na alipofariki mwaka 2016 alikuwa bado anaitwa kuimba. Hakuna aliyeuliza amepotelea wapi. Kwa hiyo hoja ya kwamba kuanza mapema ni laana, mimi siikubali moja kwa moja.

Ila ninakubali kwamba fedha ya mtoto ina mikono mingi. Mpwa wangu alikuwa na sauti nzuri ya kasida, ikawa anaalikwa kwenye maulidi na harusi, na watu wakimtunza hapo hapo anapoimba. Nilimtazama usiku mmoja: anasimama na kanzu yake nyeupe, noti zinawekwa kifuani na kwenye mabega, na nyuma yake yuko baba yake mdogo ameshika kofia, kila noti inapodondoka anaiokota na kuikunja, tena anazitazama noti zaidi ya anavyomsikiliza mwanawe. Mwisho wa shughuli mtoto alipewa soda na sambusa. Meneja hakuwepo, Mzawa. Ni ndugu. Na ukimwambia ndugu huyo kwamba fedha ile ni ya mtoto, anakuuliza ada ya shule na kanzu vimelipwa na nani, na swali lake si la upuuzi.

#10 Msondo Damu
Wajukuu zangu, mnazungumza kana kwamba mwanamuziki mzima ndiye aliyewahi kushika fedha zake. Sisi tuliokulia kwenye bendi tunajua kwamba ala zilikuwa za bendi, sare zilikuwa za bendi, na NUTA Jazz, tangu ilipoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa ya jumuiya ya wafanyakazi, mwanamuziki akipokea mshahara kama karani. Muhidin Gurumo aliimba kwa zaidi ya nusu karne, akastaafu mwaka 2013, na ndipo Diamond akamzawadia gari. Mwaka uliofuata tukamzika. Yeye hakuvuma akiwa mtoto, hakunyonywa na baba mdogo mwenye kofia, na bado hakupata kitu cha kulingana na kazi yake. Kwa hiyo kabla hatujalia na watoto, tukubali kwamba kazi yenyewe hailipi, ila mtoto anatutia huruma zaidi.

Halafu mnamsahau Franco. Luambo Makiadi alikuwa mtoto wa sokoni, mama yake akiuza maandazi Léopoldville, Kinshasa ya leo, naye akipiga gitaa la kujitengenezea pembeni ya meza ya mama yake ili kuvuta wateja. Alidumu mpaka kaburini.

#11 Shahidi wa Pili
Mzee Msondo, shikamoo. Franco ni mfano mzuri kuliko ulivyoutumia, kwa sababu alizaliwa mwaka 1938, na mwaka 1953, akiwa na miaka 15, aliingia mkataba wa miaka 10 na studio ya Loningisa iliyomilikiwa na Mgiriki. Yaani ndiye mtoto aliyefungwa mkataba mrefu na mfanyabiashara, kisa kile kile anachokilalamikia Mzawa. Lakini mkataba ule haukummaliza, kwa sababu mwaka 1956 alikuwa mmoja wa walioanzisha OK Jazz, na baadaye bendi ikawa yake. Ninachokiona mimi ni kwamba Franco alikuwa na gitaa. Mtoto mwenye ala mkononi hazeeki kwa namna ile anavyozeeka mtoto mwenye sauti tu au sura tu, kwa sababu vidole havibalehe. Kila mwaka anakuwa bora kuliko mwaka uliopita, wakati mwimbaji mdogo kila mwaka anakuwa mbali zaidi na kile kilichomfanya apendwe.

#12 Mama Wawili
Vidole havibalehe! Shahidi, hiyo tutaiandika kwenye kanga.

#13 Barabara ya Kampala
Nawasalimu kutoka Uganda. Kwetu jambo hili lilifika serikalini mwaka 2019, wakati mtoto wa miaka saba anayejulikana kwa jina la jukwaani la Fresh Kid alipokuwa anaalikwa kila tamasha. Waziri wa nchi aliyeshughulikia vijana na watoto, Florence Nakiwala Kiyingi, alitaka asimamishwe kuimba arudi shule, na nchi ikagawanyika. Kuna waliosema waziri anamwonea mtoto maskini aliyejikomboa, na kuna waliosema ndiyo kazi ya waziri. Mwishowe ilikubaliwa kwamba masomo yatangulie na muziki usiingilie ratiba ya shule, na akapata ufadhili wa kusoma. Mimi nilikuwa upande wa waziri, ingawa ninakiri kwamba bila muziki ule hakuna mfadhili ambaye angelijua jina lake.

Kuna pia Ghetto Kids wa mwalimu Dauda Kavuma, ambao dunia iliwajua mwaka 2014 kupitia video ya Eddy Kenzo, na mwaka 2023 walifika fainali ya shindano la vipaji la Uingereza. Hawa wana mpango tofauti, kwa kuwa jina ni la kundi na watoto hubadilika ndani yake. Wakubwa wanakua, wadogo wanaingia, na nyumba inaendelea kuwalea na kuwasomesha. Sioni mtu akiuliza amepotelea wapi yule wa 2014, kwa sababu kundi liko pale pale.

#14 Mzawa wa Temeke
Kampala, nashukuru, lakini huoni kwamba mpango huo unaniunga mkono? Kundi linabaki, mtoto anaondoka. Jina alilolijenga kwa jasho lake linavaliwa na mwingine.

#15 Barabara ya Kampala
Anaondoka akiwa amesoma, ndugu yangu. Hilo nalo lihesabu.

#16 Santuri
Nimefuatilia uzi huu kimya, na naona tumefika mahali pa kuangalia wenzetu walifanya nini, maana Wakili amesema sheria yetu haikumfikiria mtoto mwenye fedha. Marekani nayo ilikuwa hivyo. Jackie Coogan, aliyecheza na Charlie Chaplin katika filamu ya mwaka 1921, aliingiza mamilioni ya dola akiwa mtoto, na alipokua akakuta mama yake na baba yake wa kambo wamezitumia karibu zote. Alikwenda mahakamani mwaka 1938, na shida ilikuwa kwamba kwa sheria ya California ya wakati ule mapato ya mtoto yalikuwa mali ya mzazi. Alirudishiwa takriban dola 126,000 tu. Mwaka uliofuata ikatungwa sheria inayoitwa kwa jina lake hadi leo, na baada ya marekebisho ya mwaka 2000 ni lazima asilimia 15 ya mapato ya mtoto iwekwe kwenye akaunti isiyoguswa mpaka atimize miaka 18. Baba mdogo wa Bi Mwanakheri angebaki na asilimia 85 za kujadili, lakini zile 15 angezisikia tu.

Kuhusu majina, Mzawa, ndugu wa akina Jackson walipoihama kampuni ya kurekodi ya Motown mwaka 1975, jina la Jackson 5 lilibaki kwa kampuni, wakalazimika kujiita The Jacksons. Na Michael, aliyeanza kuimba utotoni Gary, Indiana, chini ya fimbo ya baba yake, hakuporomoka. Alipanda zaidi akiwa mtu mzima. Tukisema mtoto huishia kupotea, huyo tunamweka wapi? Na tukisema alifaulu, tunayasahau aliyoyasimulia mwenyewe kuhusu kuwatazama watoto wenzake wakicheza wakati yeye anaingia kurekodi.

#17 Kinanda Kibovu
Santuri, kama unafungua kabati la Motown, basi mtoe na Stevie Wonder, kwa sababu ananitetea. Mwaka 1963, akiwa na miaka 13, alishika namba moja Marekani akiitwa Little Stevie Wonder. Kisha sauti ikabadilika, nyimbo zikasuasua, na ndani ya kampuni wakawepo waliodhani amekwisha. Aliyemwokoa ni mtunzi Sylvia Moy, aliyeomba apewe nafasi ya kumtungia wimbo unaoendana na sauti mpya, na mwaka 1965 akarudi juu. Alihitaji mtu mmoja tu wa kukubali kushusha ufunguo.

#18 Shahidi wa Pili
Na mimi pia ananitetea, kwa kuwa alikuwa anapiga kinanda, ngoma na harmonika.

#19 Wakili Asiye na Ofisi
Na mimi pia. Alipotimiza miaka 21, mwaka 1971, mkataba wa utotoni ulikoma, fedha zake zilizokuwa zimehifadhiwa akakabidhiwa, na hapo ndipo alipojadiliana upya akapata mamlaka juu ya kazi zake. Albamu zake kubwa karibu zote zilikuja baada ya hapo. Tumgawane.

#20 Mpiga Besi wa Akiba
Naona kila mtu anamlaumu mtu mwingine isipokuwa msikilizaji. Mimi nasema tatizo ni sisi. Mtoto akiimba mapenzi ya kikubwa tunacheka na kushangilia, kwa sababu ni kioja, na kioja hakina mwaka wa pili. Siku anapoimba mambo hayo hayo akiwa na miaka 22, na sasa anayajua kweli, tunasema amebadilika, hana jipya. Aslay ilibidi aliondoe lile neno Dogo, kama Stevie alivyoondoa Little, ili watu wakubali kumsikiliza kama mtu mzima.

#21 Mtoto wa Ngarenaro
Mpiga Besi, Dogo Janja hakuondoa Dogo hata baada ya kuoa, na bado alirudi kwa Madee akatoa nyimbo zilizopendwa kuliko zile za utotoni. Huku Arusha tunamwita hivyo hivyo na hakuna anayedhani ni mtoto. Na wewe Mzawa, ulipomtaja kwenye mchango wa kwanza ulisema ilimbidi aanze upya, kisha ukaishia hapo hapo. Mbona hukusema kwamba alifanikiwa alipoanza upya?

#22 Nyali Upande wa Pili
Hodi kutoka Mombasa. Huku kwetu tulikuwa na kipindi cha Machachari kwenye Citizen TV, ambacho kilionyeshwa kwa miaka mingi, na watoto wake walikua mbele ya macho yetu, wiki baada ya wiki. Hatukupata mshtuko wa kumwona mtoto ghafla ana ndevu, kwa sababu tuliziona zikiota. Wengine waliendelea na sanaa, wengine wakahamia mitandaoni. Nadhani hoja ya Mpiga Besi ingepungua makali kama watoto wangeonekana mfululizo, badala ya kuvuma mwaka mmoja, kufichwa shuleni kwa miaka minne, kisha kurudishwa kwa kishindo.

#23 Mama Wawili
Kwa hiyo shule ndiyo yenye kosa? Hapo tutagombana, jirani. Mwanangu wa pili anacheza ngoma vizuri kiasi kwamba watu wamekwisha kuniomba video zake, na jibu langu ni kwamba apite darasa la saba kwanza. Kama kuvuma kwenyewe hakusubiri mtihani, basi kuvuma huko kuna haraka kuliko mimi.

#24 Deki ya Mkopo
Nina swali dogo kwa Mzawa na wote wanaohesabu waliopotea. Chukueni orodha yoyote ya wasanii wazima waliokuwa wanapigwa redioni mwaka 2011, mwaka ule ule wa Dogo Aslay, mniambie ni wangapi wanaojaza ukumbi leo. Mimi nilijaribu dukani kwa kutazama makasha ya zamani ya mchanganyiko wa nyimbo, na sura nyingi sikuwa na hakika nazo hata majina. Kama wazima nao hupotea kwa wingi namna hiyo, basi hatujathibitisha kwamba utoto ndio ugonjwa.

#25 Mzawa wa Temeke
Deki, mtu mzima aliyepotea alichagua mwenyewe kuingia. Mtoto aliingizwa. Ndiyo tofauti ninayoipigania, na makasha yako hayaifuti.

#26 Kimya Kingi
Nimejisajili zamani lakini leo ndiyo mara ya kwanza kuandika, kwa sababu mimi ni mmoja wa hao mnaowatafuta. Nilikuwa na wimbo uliopigwa sana nikiwa darasa la sita. Sitasema ni upi. Sikunyonywa kwa namna anayoisema Mzawa, kwa sababu aliyenisimamia alimlipia mama yangu kodi ya nyumba na kuninunulia sare, na kwa wakati ule hayo yalikuwa mambo makubwa. Sauti yangu ilibadilika kweli, lakini ningeweza kuimba kwa sauti mpya. Ukweli ni kwamba nilichoka. Nilichoka kulala kwenye kiti cha nyuma cha gari tukitoka mikoani alfajiri, na kuingia darasani wenzangu wakiniimbia wimbo wangu kwa kunikejeli, na mwalimu naye akiniita kwa jina la jukwaani anaponichapa. Nilipofika kidato cha pili nilimwambia mama sitaki tena, akalia, akakubali. Leo ninatengeneza majokofu na viyoyozi, nina karakana na vijana wawili, na wateja hawanijui. Watu wakisema nimepotea, huwa najiuliza walitaka niwe wapi.

#27 Bi Mwanakheri
Mwanangu, asante kwa kusema. Mpwa wangu naye aliacha hivyo hivyo, bila ugomvi, na sasa ni dereva wa lori. Tulidhani atasikitika kuliko alivyosikitika.

#28 Mzawa wa Temeke
Karibu sana Kimya Kingi. Naomba kukuuliza kwa heshima: ule wimbo bado upo mitandaoni, na je, unapata chochote?

#29 Kimya Kingi
Upo, na unatazamwa. Uko kwenye akaunti ambayo siyo yangu wala siyo ya aliyenisimamia. Maneno niliyaandika mwenyewe kwenye daftari la sayansi, biti ni ya prodyuza, na karatasi ya makubaliano alisaini marehemu mama. Sijawahi kuiona tangu tulipohama nyumba ile.

#30 Wakili Asiye na Ofisi
Kama maneno ni yako, wewe ndiye mtunzi, na kwa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 1999 haki ya mtunzi inadumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya kufa kwake, isipokuwa kama ilihamishwa kwa maandishi. Kwa hiyo karatasi ile ndiyo ya kutafutwa kwanza, kwa sababu tunahitaji kujua mama alihamisha nini na kwa muda gani. Nenda COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ukaulize kama wimbo umesajiliwa na kwa jina la nani, na lile daftari kama lipo lisitupwe. Niandikie faragha, sitakutoza.

#31 Kimya Kingi
Daftari lipo. Nitakuandikia jioni nikifunga karakana.

#32 Mama Wawili
Na usisahau kututajia huo wimbo, fundi, jokofu langu linavuja maji na nitakupa kazi.

#33 Kimya Kingi
Jokofu nitakuja kulitazama, mama. Inaelekea ni mpira wa mlango au tundu la kutolea maji limeziba. Wimbo sitautaja.